Mbio za Jirani Zetu: Swali Limehama Kutoka Mapafuni Hadi Nyumbani

Lipo swali moja lililoulizwa mara nyingi mno juu ya jirani zetu wa Kenya, nalo ni hili: mbona wanakimbia namna hii? Wilson Kiprugut alipopata nishani ya shaba ya mita 800 kule Tokyo mwaka 1964, ulimwengu ulitazama kidogo ukapita. Lakini Kipchoge Keino alipotwaa dhahabu ya mita 1500 katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, swali likashika kasi, na tangu siku hiyo halijanyamaza. Wenye magazeti wameliuliza, watengenezaji wa viatu wameliuliza, na walimu wa vyuo vikuu wameliandikia makala na vitabu. Walio wachache ndio waliojishughulisha kutazama jambo jingine, lenye mafunzo makubwa zaidi kwetu sisi majirani. Jambo lenyewe ni jinsi swali hilo lilivyogeuka sura kadiri miaka ilivyopita.

Huenda mtu akauliza habari za utafiti wa riadha zimefuata nini katika kurasa hizi za mapishi, malezi na afya. Jibu ni kwamba utafiti wenyewe ndio ulioingia nyumbani. Wataalamu walianza kwa kupima mapafu. Wakaenda kwenye damu, wakashuka miguuni, kisha wakajikuta jikoni na katika njia ya watoto waendao shule. Mwishowe wamefika ndani kabisa, penye mambo ya ndoa, mali na usalama wa mke. Yafaa tuwafuate hatua kwa hatua, maana safari yao ina faida hata kwa mtu asiyepata kukimbia hatua mia maishani mwake.

MAPAFU, DAMU NA MIGUU

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Daktari wa mwili aonapo bingwa huona mwili, na hivyo ndivyo utafiti ulivyoanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtaalamu wa Sweden, Bengt Saltin, pamoja na wenzake, walifika katika nyanda za juu za Bonde la Ufa. Iten, mji wa wakimbiaji, uko kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mgeni kutoka pwani hupanda kilima kifupi na kuhema kama aliyebeba gunia. Wataalamu hao waliwapima wakimbiaji wa Kenya, wakubwa kwa wadogo, wakawalinganisha na wakimbiaji hodari wa nchi za Skandinavia. Matokeo yakachapishwa mwaka 1995.

Wengi walitazamia kusikia kwamba Mkenya ana mapafu ya ajabu. Haikuwa hivyo. Uwezo wa mabingwa wa Kenya wa kutumia hewa ya oksijeni wakati wa kukimbia haukupita ule wa mabingwa wa Skandinavia. Tofauti ilikuwa kwingine: katika mwendo ule ule mmoja, Mkenya alitumia hewa kidogo zaidi, mfano wa gari mbili zenye injini sawa, moja ikila mafuta kidogo kuliko nyenzake. Wataalamu waliofuata walitafuta sababu katika umbo la mguu. Wakaona kwamba mashavu ya miguu ya vijana wa huko ni membamba na mepesi, na mguu mwepesi kuinua hauchoshi kama mguu mzito. Mwaka 2010 wachunguzi wa Ujerumani walipima damu za wakimbiaji wa Kenya na za wakimbiaji wa kwao, wakakuta kiasi cha ile rangi nyekundu ibebayo oksijeni ni karibu sawa pande zote mbili. Tena Wakenya walipokaa wiki kadhaa kwenye nyanda za chini za Ujerumani, kiasi hicho kilianza kupungua. Kumbe hata faida ya mlimani si mali ya kudumu. Ni kama akiba ya ghalani, ambayo usipoiongeza hupungua.

Kisha yakaja mambo ya chembe za urithi. Kwa kuwa wakimbiaji wengi mashuhuri wa Kenya hutoka katika jamii za Kalenjin, hususan Wanandi, watu walidhani kwamba itapatikana chembe moja ya urithi iliyo ufunguo wa siri yote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, wakiongozwa na Yannis Pitsiladis na kushirikiana na wenzao wa Kenya, walichukua vipimo vya wanariadha wapatao 290 na vya wananchi wa kawaida. Walichunguza chembe ya urithi ambayo Ulaya ilikuwa imepewa sifa nyingi kwa mambo ya ustahimilivu. Mwaka 2005 wakatoa jibu: haikuonekana kuwatofautisha wanariadha wa Kenya na wananchi wenzao. Chembe nyingine iliyosifiwa vivyo hivyo ikachunguzwa miaka miwili baadaye, na jibu likawa lile lile.

Hii si kusema kwamba urithi hauna kazi yoyote. Hakuna mzazi asiyejua kuwa mtoto hurithi urefu na wembamba. Lakini ufunguo mmoja wa kufungua mlango wote haukupatikana. Tena tukumbuke kwamba jina lenyewe la Kalenjin, kwa maana ya mtu na umbo la jamii nyingi kwa pamoja, lilianza kuenea katika miaka ya 1940. Ndani yake wamo Wanandi, Wakipsigis, Wakeiyo, Wamarakwet, Watugen, Wapokot na Wasabaot, na ndugu zao wako ng'ambo ya mpaka nchini Uganda, kwenye miteremko ya mlima Elgon. Stephen Kiprotich wa Uganda, aliyeshinda mbio za marathoni za Olimpiki mjini London mwaka 2012, alitoka upande huo. Naye Vénuste Niyongabo, aliyeipatia Burundi dhahabu ya mita 5000 mwaka 1996, hana uhusiano na jamii hizo hata kidogo. Mwenye kusema damu ya kabila ndiyo kila kitu, na atueleze habari ya huyo.

NJIA YA SHULE

Wakati chembe za urithi zilipokuwa zikichunguzwa katika maabara za mbali, watafiti wengine walishika njia nyepesi zaidi: waliwauliza wanariadha wenyewe maisha yao. Mwaka 2006 Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wanariadha 404, wakiwamo 97 waliokwisha kushindana kimataifa, pamoja na wananchi 87 wasio wanariadha. Waliwauliza walizaliwa wapi, lugha yao ni ipi, shule ilikuwa mbali kiasi gani na walikwendaje.

Majibu yanastahili kuangaliwa kwa makini. Kati ya wananchi wa kawaida, asilimia 23 ndio waliokuwa wakienda shule kwa kukimbia. Kati ya wanariadha wa kiwango cha taifa, walikuwa asilimia 73. Na kati ya wale wa kimataifa, walikuwa asilimia 81. Isitoshe, njia ya wanariadha ilikuwa ndefu kuliko ya wenzao. Mtoto aliyekimbia kwenda shule asubuhi, akarudi nyumbani kula mchana, akaenda tena na kurudi jioni, alikuwa amekwisha kufanya mazoezi bila kupuliziwa firimbi na mwalimu yeyote. Saltin naye alikuwa ameona jambo hilo mapema, kwamba vijana waliozoea kwenda shule kwa miguu mwendo mrefu walikuwa na uwezo mkubwa zaidi kuliko wenzao waliokaa tu.

Baadaye wataalamu kutoka Denmark waliwachukua vijana wa Kinandi wa mjini na wa kijijini, wasiokuwa wakimbiaji, wakawafundisha kukimbia kwa wiki 12. Wa kijijini walianza wakiwa mbele, kwani maisha yao yalikuwa yamekwisha kuwaandaa. Lakini mazoezi yalipoanza, makundi yote mawili yaliongezeka uwezo kwa kiasi kinachokaribiana. Maana yake ni kwamba kijana wa mjini hakunyimwa kitu na Muumba. Alinyimwa na basi, kiti na kivuli.

Hapo ndipo habari hii inapotugusa sisi wazazi. Watafiti wa Kenya, miongoni mwao Robert Ojiambo wa Chuo Kikuu cha Moi, wamewapima vijana wa vijijini na wa mijini na kuona kuwa wa mijini hujongea kidogo mno na kukaa mno, na miili yao ina mafuta mengi zaidi. Onywera na wenzake walikwenda mbali zaidi, na mwaka 2011 wakatoa taarifa iliyo mfano wa ripoti ya shule, yenye kuipa nchi nzima alama kwa jinsi watoto wake wanavyocheza, wanavyotembea na wanavyokula. Ripoti nyingine ikafuata mwaka 2014. Yaani watu wale wale waliokuwa wakitafuta siri ya bingwa mmoja, sasa wanauliza afya ya watoto wote. Huo ni mgeuko mkubwa, tena wa kusifiwa.

Hata habari ya miguu mitupu ilitoa funzo la namna hiyo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake, wakiwamo wa Kenya, walionyesha kuwa watu waliozoea kukimbia peku katika Bonde la Ufa aghalabu hutua kwa sehemu ya mbele ya wayo, wala si kwa kisigino. Ulaya na Marekani ikawaka moto. Watu wazima wakatupa viatu wakaingia barabarani. Lakini mwaka 2013 uchunguzi mwingine ulifanywa kwa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao huenda peku tangu utoto ila si watu wa mbio ndefu. Wengi wao, walipokimbia mwendo wao wa kawaida, walitua kwa kisigino. Basi Kenya moja ilitoa majibu mawili, kwa sababu maisha ya watu wake si mamoja. Tujihadhari na mtu asemaye "Mwafrika hukimbia hivi" baada ya kutazama kijiji kimoja.

SUFURIA YA UGALI

Tuingie jikoni. Mwaka 2004 watafiti walikaa kwa siku 7 na wakimbiaji 10 mashuhuri wa Kenya, wakapima kila kilicholiwa na kunywewa. Hawakukuta dawa ya ajabu wala chakula cha siri. Walikuta ugali, wali, mkate, viazi, maharage, kabichi, uji, maziwa na chai yenye sukari. Katika kila sehemu 100 za nguvu zilizotokana na chakula, sehemu 76 na nusu zilitoka katika wanga, 13 hivi katika mafuta na 10 katika protini. Asilimia 86 ya nguvu hizo ilitoka katika mimea. Huo ndio mlo wa nyumba nyingi za wakulima wa nchi zetu, mlo ambao baadhi yetu tukipata mishahara tunauonea haya na kukimbilia vyakula vya kukaanga.

Lakini neno la tahadhari lahitajika hapa. Wakimbiaji hao walitumia nguvu nyingi kuliko walizokula, kwa tofauti ya kiasi cha kalori 600 kwa siku. Mtu akimbiaye kilomita nyingi kila siku aweza kumaliza sukari ya vikombe vyake vya chai kabla ya jua kupanda. Karani aketiye mezani hawezi. Ugali na maharage tuwaige, lakini sukari ile tuwaachie wenyewe.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo lahusu mabinti. Kwa miaka mingi waliopimwa walikuwa karibu wote wanaume na wavulana. Mwaka 2016 ndipo watafiti, miongoni mwao Esther Muia, Elizabeth Kuria na Onywera, walipochapisha uchunguzi wa wasichana wa Kenya waliokuwa wakimbiaji hodari, wakiwalinganisha na wasichana wenzao wasio wanariadha. Walikuta kwamba miongoni mwa wakimbiaji kulikuwa na wengi zaidi ambao chakula chao hakikutosheleza kazi ya mwili, na kwamba karibu mmoja kati ya watatu alikuwa na kasoro katika hedhi yake.

Wazazi na walimu, tusilipite jambo hili kwa kuona haya. Msichana akiacha kupata hedhi kwa miezi kwa sababu ya kukimbia sana na kula kidogo, mwili wake unatoa ilani. Mwili usio na akiba huanza kufunga milango mmoja baada ya mwingine, na mifupa nayo hudhoofika wakati ule ule inapopaswa kujijenga. Wako makocha wanaoona hali hiyo wakasema ndiyo dalili ya kuwa tayari kwa mashindano. Hilo ni kosa. Msichana wa namna hiyo apelekwe kwa mganga wa hospitali, aongezewe chakula, na mazoezi yapunguzwe mpaka hali yake irudi.

WANAHISTORIA WAINGIA

Siyo madaktari peke yao walioandika. Mwaka 1996 John Bale, mtaalamu wa jiografia wa Uingereza, na Joe Sang wa Kenya walitoa kitabu kikubwa juu ya mbio za Kenya. Hawakupima damu ya mtu. Walipima ramani na historia. Walionyesha jinsi shule, jeshi, polisi na magereza ya wakati wa ukoloni vilivyoleta uwanja, saa ya kupimia na kanuni za mashindano, na jinsi maeneo ya nchi yalivyotofautiana katika kutoa wakimbiaji. Kwa maneno mengine, bingwa hakuota kama uyoga. Alilelewa na vyombo, walimu na mashindano, na baadaye na mawakala na fedha za kigeni.

Na yule mwanamke wa Kenya alikuwa wapi wakati huo wote? Alikuwapo. Mwaka 1968, Keino alipokuwa akishangiliwa Mexico, Tecla Chemabwai, Lydia Stephens na Elizabeth Chesire walikuwa huko huko wakiiwakilisha Kenya. Mwaka 1974 Sabina Chebichi, bado msichana mdogo, alipata shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch. Hata hivyo nishani ya kwanza ya mwanamke wa Kenya katika Olimpiki ilingoja mpaka 1996, Pauline Konga alipopata fedha ya mita 5000, na dhahabu ya kwanza ikangoja mpaka 2008, kwa Pamela Jelimo. Miaka 40 ilipita kati ya kwenda na kushinda.

Kwa nini? Mwanahistoria Michelle Sikes, katika kitabu chake juu ya wanawake wakimbiaji wa Kenya kilichotoka mwaka 2023, ametoa jibu ambalo mapafu na damu visingaliweza kulitoa. Wasichana wa kwanza walikuwa na mbio miguuni, lakini ndoa na uzazi viliwatoa uwanjani mapema, na jamii haikuona faida ya mwanamke mtu mzima kukimbia. Hali ilianza kugeuka pale nafasi za masomo katika vyuo vya Marekani na zawadi za fedha katika mbio za barabarani zilipowafungukia wanawake nao. Mwanamke alipoleta nyumbani fedha ya kununua shamba na kujenga nyumba, mbio zake zikaanza kuitwa kazi. Tegla Loroupe aliposhinda marathoni ya New York mwaka 1994, jamii ilipata mfano wa macho.

MALI BILA DAFTARI

Lakini fedha ilipoingia mlangoni, hatari nayo iliingia nyuma yake. Hapa ndipo utafiti wa siku hizi ulipofika, na hapa ndipo swali limekuwa la uhai na kifo.

Mwezi Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde moja, muda ambao hapakuwa na mwanamke aliyeufikia katika mbio za wanawake peke yao. Mwezi uliofuata, tarehe 13 Oktoba, alikutwa ameuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mwezi Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris majuma machache tu yaliyopita, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake katika kaunti ya Trans Nzoia, na mtu aliyekuwa mwenzi wake. Alifariki hospitalini Eldoret tarehe 5 ya mwezi huo. Alikuwa amejenga upande wa Kenya ili awe karibu na viwanja vya mazoezi, na kiwanja cha nyumba ile kilikuwa kimezua ugomvi.

Wasomaji, hakuna kipimo cha oksijeni kitakachoeleza vifo hivi. Wanavyuo wamelazimika kuuliza maswali mapya. Nani hushika fedha za mwanariadha wa kike? Hati ya shamba imeandikwa jina la nani? Msichana wa miaka 17 anapopata mwanaume ajiitaye kocha, na kocha akageuka kuwa mume na mweka hazina, ni nani aliye juu yake wa kumshitakia? Baada ya kifo cha Tirop, jamaa na wanariadha wenzake waliunda chama chenye jina lake cha kuwasaidia wanawake wanaoonewa majumbani. Ni jambo jema, lakini kinga huanza mapema zaidi. Wahenga walikwisha kusema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi leo twaongeza kwamba pamoja na mali aweza kupotea mwenye mali.

Kadhalika swali la dawa zilizopigwa marufuku limetoka maabara na kuingia nyumbani. Taarifa ya shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, iliyotolewa Septemba 2018, ilihesabu wanariadha 138 wa Kenya waliopatikana na makosa tangu mwaka 2004. Taarifa hiyo haikukuta njama kubwa iliyopangwa na taifa. Ilikuta watu wasio na elimu ya kutosha, na waganga na wauza dawa wa mtaani walio tayari kuwauzia. Kenya ilikwisha kutunga sheria mwaka 2016 na kuunda chombo maalum cha kazi hiyo. Watafiti sasa wanauliza mwanariadha anajua nini, na nani alimfundisha. Kijana aliyeacha shule akiwa na deni, anayelala watu sita katika chumba kimoja akingojea mbio moja ya kumwokoa, hashindwi kushawishika na sindano. Anayetaka kumzuia lazima amtazame pamoja na deni lake.

NANI AULIZE, NA JIBU LIENDE WAPI?

Kwa muhtasari, mwelekeo wa utafiti huu ni huu. Kwanza, umetoka katika kutafuta siri moja na kuingia katika kuunganisha sababu nyingi: mlima, mguu mwembamba, njia ya shule, ugali, mashindano ya jirani na jirani, na tamaa ya kuondoka katika umaskini. Pili, umetoka kwa mwanaume peke yake na kumfikia mwanamke. Tatu, na hili ndilo kubwa, umeanza kutoka katika mikono ya wageni pekee na kuingia katika mikono ya wenyeji. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 kule Munich mwaka 1972, alisoma hadi shahada ya udaktari na akafundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgeni aliona mapafu kwa kuwa alikuja na chombo cha kupimia mapafu. Mwenyeji ndiye aliyejua kuuliza njia ya shule, sufuria na hati ya shamba.

Hata hivyo kazi moja bado imebaki nyuma. Vijana wa Bonde la Ufa wametoa damu, jasho na saa zao kwa zaidi ya miaka thelathini. Matokeo yamechapishwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mama wa mkimbiaji kule Kapsabet hatayaona wala hawezi kuyanunua. Yule msichana aliyepimwa mwili akaonekana hali chakula cha kutosha, je, mama yake aliambiwa, na kwa lugha anayoielewa? Elimu iliyochotwa kwa watu ikawa hairudi kwa watu ni sawa na maji yaliyochotwa kisimani yakamwagwa mbali na shamba. Vyuo vyetu, hapa kwetu na huko kwa jirani, vinapaswa kuandika pia kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na redio ziyasome matokeo hayo kwa sauti.

Nasi tusiokuwa wataalamu tunayo yetu ya kufanya kuanzia juma hili. Mtoto anayeweza kwenda shule kwa miguu katika njia salama, na aende. Mlo wa nafaka, maharage na mboga tusiudharau. Binti akimbiaye ale zaidi ya ndugu yake akaaye, na mabadiliko ya mwili wake yazungumzwe bila kunong'ona. Hati za mali ya mwanariadha, awe mume au mke, ziandikwe kwa jina lake mwenyewe, na pawe na mtu mzima wa kuaminika, asiye mwenzi wake, ajuaye zilipo. Na msichana anayesema kwamba nyumbani kwake hakuna amani, asiambiwe avumilie kwa ajili ya mashindano yajayo.